Gesi Isiyoisha

Gesi ikikatika ugali uko nusu, usinisemeshe. Mume wangu analijua hilo, majirani zangu hapa Chanika ya Handeni wanalijua, na jamaa anayetuletea mitungi kwa pikipiki analijua kuliko wote, maana yeye ndiye niliyekuwa nampigia simu mwiko uko mkononi, namfokea kama vile gesi kaila yeye. "Nakuja, mama, nipe nusu saa," ananijibu. Nusu saa ya nani? Akifika, sufuria limeshapoa, ndani mna kitu ambacho si ugali wala si uji, na bado ananidai hela ya gesi na hela ya safari, na hela ya safari imepanda kwa sababu nimemwita saa ya njaa aache kila kitu. Nilikuwa nalipa meno yameumana.

Mtu ataniuliza, si ungerudi kwenye mkaa, dada? Ningerudi, tena mbio. Sikuweza kwa sababu ya mama yangu mzazi.

Mama ni Msambaa wa Dindira, na Dindira, juu milimani, ni baridi. Jiko lake la kule lilikuwa kibanda cha udongo chenye kidirisha cha kuchungulia tu, na mlango ulifungwa ili joto lisitoke. Joto halikutoka, na moshi nao haukutoka. Alipikia humo tangu akiwa mwali mpaka akawa bibi. Masika moja akashindwa kupanda kutoka shambani. Alikaa chini njiani, mkono kifuani, akasubiri pumzi kama mtu anayesubiri gari. Tukamshusha Korogwe hospitali. Daktari, binti mdogo tu, alimwekea chombo chake mgongoni, akasikiliza muda mrefu, kisha akanigeukia mimi. "Anapikia nini?" Nikamwambia kuni. Akasema mapafu yameliwa na moshi, na kilicholiwa hakirudi. Kilichobaki ndicho cha kulinda.

"Moshi wowote, mama," akaniambia. "Hata wa jirani. Akiendelea kuuvuta, mtampoteza."

Sikumrudisha mlimani. Nilikuja naye kwangu Handeni, na alinuna njia nzima. Si kwamba alikuwa hanipendi. Ni kwamba kwangu pana mume, na mume wangu kwake ni mkwe. Kwa wazee wetu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai wakatazamana. Huyu akiingia sebuleni, yule anatoka. Hawali pamoja, hawapokezani kitu mkononi, hawasemeshani uso kwa uso. Jambo likiwepo, mmoja analisema kwa mtu mwingine, au analisema hewani tu kwa sauti ya kutosha, na yule linayemhusu analisikia huko aliko na kulishika. Ndiyo adabu yenyewe.

Sasa chukua adabu hiyo uiweke kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye mapazia! Mume wangu yuko kwenye kochi, mama yuko nyuma ya pazia anachambua mchele, na mimi niko katikati kama redio koli. "Mwambie mama dawa zake nimeleta." "Mwambie mkwe nimeshukuru." Wanasikiana kabisa, lakini lazima nirudie. Siku moja nilichoka nikawaambia, "Mmesikiana, msinichoshe!" Mama hakunisemesha mpaka kesho yake.

Watoto wetu wameshakwenda makwao, kwa hiyo kabla ya mama kuja tulikuwa wawili. Mimi nashona nguo mjini, mume wangu ni fundi pikipiki, mchana nyumba inafungwa. Gesi yetu ilikuwa ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni, basi. Mama alipokuja, jiko likaanza kuwaka mchana kutwa. Chai, maji ya kuoga ya moto, uji, halafu makande. Makande ndiyo yenyewe. Mahindi makavu na maharage, Msambaa akiyainjika asubuhi hana haraka nayo, anayaacha yachemke mpaka yaseme yenyewe. Kwenye kuni sawa. Kwenye gesi, loo!

Mtungi ukaanza kuisha kabla hatujaanza kuusahau. Mume wangu ni mtu mpole, ila ana jambo moja: hapendi kuibiwa. Akaamini huko njiani kuna mtu anaichezea mitungi. Jioni moja jamaa wa gesi alipofika, mume wangu akamsimamisha mlangoni, akaunyanyua mtungi mpya kwa mkono mmoja kama anapima kuku wa sokoni, akasema kwa sauti kubwa ambayo hana kawaida nayo, "Hebu niambie, ndugu yangu. Sisi tulikuwa wawili, mtungi ulikuwa unatutosha. Sasa hii gesi anaila nani?"

Jamaa akaapa kwa Mungu na kwa watoto wake. Mimi nikaingilia, nikampa za uso, maana na mimi nilikuwa na yangu ya siku nyingi. Katikati ya makelele nikamwona mama anainuka nyuma ya pazia, anachukua ungo wake wa mchele, anatoka uani. Nikadhani anafuata mwanga.

Mimi nikikasirika sikai na hasira nyumbani, naipeleka kunakohusika. Wiki ileile nilikuwa nakwenda Korogwe kuchukua vitambaa, nikaunganisha safari hadi kwa wakala anayejaza maduka ya huku kwetu. Nilimkuta mama mtu mzima mwenzangu, amejifunga khanga kiunoni, anahesabu mitungi. Nikamwambia sikuja kununua, nimekuja kugombana. Akacheka. Akanivutia mzani, akanipandishia mtungi mmoja baada ya mwingine, akanionyesha namba iliyogongwa shingoni mwa kila mmoja, ndiyo uzito wa chuma peke yake. Toa hicho, kinachobaki ni gesi. Kila mtungi ulikuwa sawasawa. Niliporudi nikaupima na wa kwangu, uliokuwa haujafunguliwa, kwa mfanyabiashara wa mahindi. Nao sawasawa. Nikawa nimeishiwa mtu wa kugombana naye, na hali hiyo huwa inaniumiza kichwa.

Yule wakala ndiye aliyenifungua macho. "Bei ya gesi yenyewe mimi na wewe hatuiwezi," alisema. "Inakuja na malori kutoka pwani, ikifika hapa imeshavaa gharama zake. Lakini kutoka hapa mpaka jikoni kwako, hapo ndipo unapojichinja mwenyewe. Unanunua mtungi mdogo, kwa hiyo unaita mara nyingi. Unaita ikishakatika, kwa hiyo huna sauti ya bei. Na unaita peke yako."

Nilipomweleza mume wangu, yeye akamalizia kifundi. Pikipiki, alisema, haijali imebeba mtungi mmoja au miwili, mafuta yanayoungua ni yaleyale, na ikirudi tupu, safari ya kurudi mnailipia nyinyi. Tulilisema hilo chumbani, kwa sauti ya chini, kama tunavyozungumza mambo ya hela. Humohumo chumbani nikamwambia kwamba mleta gesi hana kosa, nimepima kwa macho yangu. Akasema, basi alhamdulillah, nitamwomba radhi. Na kweli alimwomba radhi, huko kijiweni kwake.

Nikajifunga kibwebwe. Niliwakusanya kina mama wanne wa mtaa wetu wenye majiko ya gesi, nikawaambia jamani, tumekuwa wajinga, kila mmoja anakodi pikipiki yake. Siku ya gulio pikapu ya wakala inakuja Handeni hata hivyo, na inapita barabara yetu hii. Tukaagiza kwa pamoja, ikashusha mitungi yote mlangoni kwangu. Jamaa wa pikipiki alinuna, akaniambia mama umenitia kidole jichoni, lakini nikampa kazi ya kuisambaza kwa mzunguko mmoja, akatulia. Mimi mwenyewe nikajibana nikanunua mtungi mkubwa. Gharama ya kuletewa ikashuka, tena ikashuka hasa, nikatembea mtaani shingo imesimama.

Jikoni nako nikaweka sheria. Mahindi na maharage yalale kwenye maji. Kila sufuria na mfuniko wake. Moto usilambe pembeni mwa sufuria. Maji yakichemka yaingie kwenye chupa, yasichemshwe mara ya pili. Ukimaliza kupika, funga hadi koki ya mtungini. Nilimsimamisha mama mzazi pale mbele ya jiko, nikamwambia sheria zangu moja moja kama askari. Yeye, ambaye alinifundisha hata kushika mwiko! Akazisikiliza zote ameinamisha kichwa. "Nimesikia, mwanangu," akasema. "Gesi ya watu haitachezewa."

Ya watu. Lilinipita hilo neno. Nilikuwa na furaha zangu.

Ukitaka kujua gesi imebaki kiasi gani, mwagia mtungi maji ya moto ubavuni, halafu pitisha kiganja kutoka juu kushuka chini. Juu pamepata joto, ukifika mahali pa baridi ujue hapo ndipo gesi ilipo. Nilijifunza hilo Korogwe, na ikawa ndiyo starehe yangu ya Ijumaa asubuhi. Wiki ya kwanza baridi ilikuwa juu kabisa karibu na shingo. Wiki iliyofuata nikapitisha mkono, bado ni kule kule. Nikaita majirani wakashike. Weee, mbona wako hauendi? Nikawaambia akili, mama, akili ni mali. Mwenzao mmoja aliyekuwa na mtungi kama wangu alishaagiza mwingine. Nikamhubiria kuhusu mifuniko mpaka akaaga kabla chai haijaiva.

Na chakula kilikuwa kitamu. Hilo nalo niliona ni baraka. Nikirudi jioni nakuta makande yameiva barabara, yana ule utamu wa kwetu mlimani niliokuwa nimeusahau. Mume wangu akila alikuwa anasema hewani, kuelekea kwenye pazia, "Mwambie mama mkono wake haujapotea."

Kikohozi kilianza kurudi kidogo kidogo. Mwanzoni nilisema ni vumbi, maana kiangazi cha Handeni si mchezo, ng'ombe wa wafugaji wakipita kwenda mnadani huoni mtu aliye mbele yako. Nikaloweka khanga nikazitundika madirishani. Kikohozi kikazidi. Akawa halali chali, anaegemea mito, na akitoka chooni anashika ukuta. Nikimuuliza ananiambia, "Ni uzee, mama'angu, uzee hauna dawa." Nikapandwa na hasira, nikamwambia uzee hauji kwa wiki tatu. Alitabasamu tu, akajifunika.

Hofu ikaniingia hasa. Nikawaza ni gesi. Labda inavuja, labda ndiyo anayoivuta mchana kutwa mle ndani na mimi niko mjini. Ndiyo maana nikachanganya sabuni na maji, nikapaka kwenye mpira, kwenye koki, kwenye kila kiungo. Pakiwa na tundu, sabuni inatoa mapovu makubwa hapohapo. Nilipiga magoti, jicho karibu kabisa na chuma, pumzi nimeibana. Povu lilitulia tuli. Nikapaka tena. Tuli. Mume wangu akabadilisha mpira mzima kwa usalama, akamwambia mama kupitia kwangu kwamba asiogope. Kesho yake mama alikohoa mpaka akatapika.

Ilikuwa niko kazini, naunga mkono wa gauni la harusi ya watu, mguu uko kwenye cherehani. Nilikuwa nageuzageuza lilelile kichwani: gesi inavuja, gesi inavuja. Halafu kama mtu kanizaba kibao. Gesi inayovuja inaisha upesi. Ya kwangu haikuwa inaisha. Kila Ijumaa baridi ilikuwa kule kule juu. Mtu mgonjwa yuko nyumbani kutwa, anakunywa chai, anakoga maji ya moto, anapika makande ya kushibisha watu watatu, na gesi haishuki hata unene wa kidole. Mfuniko gani huo? Maharage gani ya kulowekwa? Na ule utamu wa makande, ule wa mlimani! Mjinga mimi, ule ni utamu wa moshi.

Niliacha gauni kwenye sindano. Sijui nilimwambia nini mwenye gauni.

Nyumbani jiko lilikuwa la baridi, limefutwa linang'aa, sufuria hakuna. Mama hayupo kitandani. Nikatoka uani. Ng'ambo ya ua wetu anakaa bibi mmoja wa Kizigua, mjane, ambaye bado anapikia kuni kwenye kibanda chake, na mama alikuwa amefanya naye usuhuba tangu alipofika. Walikuwa wanataniana kutwa, mmoja anamwita mwenzake mla ndizi, mwenzake anamjibu mla bada, ule ugali wa muhogo. Nilikuwa nafurahi kwamba mama amepata mtu. Juu ya paa la kibanda kile, moshi ulikuwa unatoka kwenye kila upenyo wa bati.

Nilisukuma mlango bila hodi. Mama alikuwa kwenye mafiga, amepiga magoti, viganja viko chini, shavu karibu na majivu. Alikuwa anapuliza moto. Kwa kinywa chake. Pumzi ambayo ilikuwa haimfikishi chooni, alikuwa anaitia kwenye kuni, anapuliza, anatulia, mabega yanapanda na kushuka, anapuliza tena. Bibi wa Kizigua alikuwa ameshika kifuniko cha bati anamwambia, "Niachie, we mwanamke, niachie mimi nipulize."

Hasira yangu ile! Palikuwa na ndoo ya maji pembeni, nikaikwapua, nikaimwaga yote juu ya moto.

Mungu wangu. Mtu yeyote aliyekulia jikoni anajua moto hauzimwi hivyo kwenye kibanda. Majivu yaliruka, mvuke na moshi vikapanda kwa pamoja, vizito, vyeupe, nikawa sioni mkono wangu. Nikasikia mama anavuta pumzi mara moja, sauti kama mlango mkavu, halafu nikawa simsikii. Nikapapasa mpaka nikashika khanga yake. Tukamburuta nje, mimi na yule bibi, tukamlaza kwenye mchanga. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Macho yalikuwa wazi yananitazama, na kifua kilikuwa kinahangaika bila kitu kuingia.

Namba ya kwanza kwenye simu yangu ilikuwa ya jamaa wa gesi. Nilipiga bila kufikiri. "Nakuja, mama," akasema, na safari hii hakutaja nusu saa. Nilisikia pikipiki kabla sijamaliza kumfunga mama khanga. Alifungua vyuma vya kubebea mitungi akavitupa uani kwangu, tukamweka mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, kifua chake kikiwa chini ya mikono yangu. Njia nzima nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa kuzigusa. Kuna mahali, kwenye kona ya kuingia barabara kubwa, nilikosa moja. Nilipiga kelele jamaa akavuta mafuta, na ikarudi.

Hospitali walimwekea hewa ya mashine. Nilikaa kwenye benchi la nje, nguo zina majivu, nimeshika viatu vyake. Bibi wa Kizigua alikuja kwa miguu, akakaa upande wangu. Nilikuwa nimeshampangia maneno ya kumchana. Nikamwamkia, shikamoo bibi, halafu nikamwambia, "Ulikuwa unajua anaumwa kifua. Kwa nini ulimwachia?"

"Nilimkatalia," akasema. "Akaniambia nikimfukuza, atawasha mafiga yake porini, nyuma ya makaburi. Nikaona heri awe karibu yangu. Kila siku namwambia nipikie mimi, anakataa, anasema nikipika mimi nyinyi mtajua ladha."

"Lakini kwa nini? Gesi ipo! Imejaa! Nani kamnyima gesi?"

Bibi akanitazama kama mtoto mdogo. "Mkwewe kamwambia."

"Mume wangu? Mume wangu hajawahi kusema naye hata neno!"

"Ndiyo hivyo. Mkwe husema naye vipi?" akauliza. "Si husema na mtu mlangoni? Jioni ile alisimama akauliza kwa sauti, tulikuwa wawili gesi inatutosha, sasa anaila nani. Mama yako alikuwa nyuma ya pazia. Yule wa tatu alikuwa nani? Akaniambia, dada yangu, mkwe amenieleza kwa adabu, hakunivunjia heshima, nami nimesikia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tangu siku ile hakugusa jiko lenu, isipokuwa kuwapashia nyinyi chai."

"Angeniuliza mimi!" nikasema. "Mimi mwanawe!"

"Mle ndani wewe una mume," akasema. "Yeye ana mkwe. Hamkai nyumba moja."

Mume wangu alikuwa amefika, amesimama nyuma yetu, mikono ina girisi mpaka kwenye viwiko, na alikuwa ameyasikia yote. Alikaa chini, sakafuni, siyo kwenye benchi. "Nilikuwa nasema na mleta gesi," akarudia mara mbili tatu. "Wallahi nilikuwa nasema na mleta gesi." Nikalia, nikamlilia yeye, nikajililia na mimi na sheria zangu za mifuniko. Ile gesi niliyokuwa naitembezea majirani waishike ilikuwa ni pumzi ya mama yangu.

Aliamka. Mungu ni mwema, aliamka. Lakini daktari alitueleza wazi kwamba ameteremka ngazi ambayo hataipanda tena, na kwamba ngazi nyingine kama ile hana. Alirudi nyumbani akiwa anasema neno, anapumzika, anasema jingine. Na cha kwanza alichosema tulipofika mlangoni ni, "Nirudisheni Dindira."

Nikamwambia ng'o. Nikamweleza yote, kwamba mkwe hakumaanisha yeye, kwamba alishuku mwizi, kwamba tulipima kwenye mzani. Alinisikiliza kwa upole, na nikaona haamini hata chembe. Mtoto wa kike lazima amfunike mumewe, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyonifundisha. Siku zile akawa hapiki popote. Alikunywa maji ya baridi, akala kiporo cha baridi, akasema ameshiba. Nikimwagia maji mtungi wa gesi, baridi iko kule kule juu. Nilikuwa nauchukia mtungi ule. Niliupiga teke siku moja nikaumia kidole.

"Hatakusikia wewe," mume wangu akaniambia chumbani. "Aliyemfungia jiko ni mimi."

Siku ya gulio pikapu ikashusha mitungi, na jamaa wa pikipiki akaja kusambaza. Wetu hatukuwa tumeagiza, ulikuwa haujaisha. Mume wangu alikuwa hakwenda kazini. Alivaa kanzu, akatoka, akasimama mlangoni palepale aliposimama siku ile. Nyuma ya pazia, mama alikuwa amekaa na ungo mapajani, na ungo ukaacha kucheza.

"Ndugu yangu," mume wangu akasema, kwa sauti ya kufika hadi barabarani. Jamaa akashtuka, akaweka mtungi chini. "Nakuambia wewe, na nisikie vizuri. Siku ile nilikuita mwizi. Nilikosea, na nakuomba radhi hapahapa nilipokukosea. Sasa nataka unijue. Katika nyumba hii yupo mzazi. Mtungi ule mkubwa umejaa, na unaniaibisha. Nikiuona haushuki, najua nyumbani kwangu kuna mtu ananyimwa, na mnyimaji atakuwa nani kama si mimi? Watu watasema mkwe gani huyu. Gesi yangu ikiisha mapema, mimi nitalala usingizi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee," jamaa akajibu, ingawa uso wake ulionyesha hajaelewa kitu.

Nilisimama pale katikati, redio koli, sina cha kurudia. Nyuma ya pazia ungo ukaanza tena kucheza.

Kesho yake asubuhi niliamshwa na kiberiti. Nikajilaza kimya, nasikiliza. Koki ikafunguliwa, moto ukashika. Mahindi hayakuwa yamelowekwa, nilijua, maana niliyasikia yakimiminika makavu kwenye sufuria. Mfuniko haukuwekwa. Makande yalichemka asubuhi nzima, moto mkubwa, unalamba hadi kwenye masikio ya sufuria. Nilikwenda kazini midomo nimeiuma.

Ilikuja kukatika siku ya mapumziko, mchana, wote tuko nyumbani. Kabla ya gulio, kabla ya mtungi wa mtu mwingine yeyote pale mtaani. Nilisikia moto unapwitapwita, halafu kimya. Nikaingia jikoni. Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa jioni ile aliyotoka na ungo.

"Imeisha," akaninong'oneza.

Machozi yalikuwa yameshanifika. Sebuleni nikasikia mume wangu anabonyeza simu, halafu sauti yake ikapanda.

"Eeh, ni mimi. Lete mtungi. Imeisha. Sasa hivi, ndiyo. Ndiyo, najua ni mapema. Nitalipa hiyo ya pikipiki. Alhamdulillah."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauinamia mkono wake ulioshika mwiko, akavuta pumzi, akaipata, akavuta nyingine. Kisha akageuka kuelekea kwenye pazia.

"Mwambie mkwe," akaniambia, kwa sauti ya kusikika sebuleni, "amwambie huyo mtu... afanye haraka. Makande hayajaiva."